Mgomo wa tramu Philadelphia, Agosti 1944: siku ambayo kupita langoni kulikuwa sahihi

Kwa nini kisa hiki

Mtu akijiunga na chama cha wafanyakazi hufundishwa mapema sana jambo hili: ukikuta wenzako wamegoma na wamesimama langoni, hupiti. Kanuni hiyo imelipiwa kwa jasho na kwa damu. Mfanyakazi akiwa peke yake hana la kumtisha mwajiri. Silaha yake ni kukosekana kazini pamoja na wenzake, na kila anayejipenyeza langoni huipunguza makali silaha hiyo. Ndiyo maana neno "msaliti" humwandama mvunja mgomo miaka na miaka, hata watoto wake.

Kisa tunachochambua hapa ni cha wakati ambapo kanuni hiyo ilitumika kuwanyima wafanyakazi wengine haki yao, tena katikati ya Vita Kuu ya Pili. Tumekichagua kwa sababu kinamlazimisha mtu kujibu swali ambalo wengi hulikwepa: nikifika langoni saa kumi alfajiri, nitajuaje kama mgomo huu unastahili kuheshimiwa? Majina ya madereva, wanafunzi wa udereva na viongozi wa mgomo yameachwa. Yaliyobaki ni ya maofisa wa serikali na taasisi zilizomo kwenye kumbukumbu za umma.

Usuli

Mwaka 1944 Philadelphia, jiji la mashariki mwa Marekani kando ya mto Delaware, lilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya kuzalisha zana za vita. Palikuwa na karakana ya meli za jeshi la majini, kiwanda cha risasi cha Frankford, na viwanda vingi vilivyolisha jeshi lililotua Normandy tarehe 6 Juni mwaka huo. Petroli na matairi yalikuwa ya mgao, na magari mapya ya watu binafsi yalikuwa yameacha kutengenezwa tangu 1942. Kwa hiyo mchomeleaji wa meli au fundi wa risasi alifika kazini kwa tramu, basi, au treni za jijini. Vyote hivyo vilikuwa mikononi mwa kampuni moja ya binafsi, Philadelphia Transportation Company, yenye wafanyakazi wapatao 11,000.

Kati ya hao, Wamarekani weusi walikuwa zaidi kidogo ya 500. Walitengeneza reli, walifagia, walibeba mizigo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa dereva wala kondakta. Tangu 1941 walikuwa wakiomba kupandishwa, na kila walipoomba walirushwa kama mpira. Kampuni ilisema mkataba wa hali bora na chama unalinda desturi zilizopo, hivyo mikono yake imefungwa. Chama cha wakati huo, ambacho kilikuwa karibu mno na uongozi, nacho hakikutaka kuigusa desturi hiyo. Na wakati huohuo kampuni ilikuwa na uhaba wa madereva, ikiiomba ofisi ya ajira ya serikali iiletee wazungu.

Serikali ya shirikisho ilikuwa na chombo cha kushughulikia jambo hili, Kamati ya Ajira ya Haki, iliyoanzishwa kwa amri ya Rais Franklin Roosevelt mwezi Juni 1941. Amri hiyo haikuja kwa hisani. A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu wa mabehewa ya kulala, alikuwa ametishia kuandamana na maelfu ya watu weusi hadi Washington. Novemba 1943 kamati iliiagiza kampuni iache ubaguzi katika kuajiri na kupandisha vyeo. Kampuni na chama vyote viwili vilikaidi.

Machi 1944 ilipigwa kura ya kuamua chama kipi kiwawakilishe wafanyakazi. Chama cha zamani kiliwatisha wapiga kura kwamba ukichagua wapinzani wetu umechagua madereva weusi. Hata hivyo kilishindwa. Aliyeshinda alikuwa Transport Workers Union, TWU, chama kilichokuwa ndani ya CIO, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na chenye msimamo wa kupinga ubaguzi. Hapa msomaji aweke alama, kwa sababu ni mzizi wa mengi yaliyofuata: katika kampeni TWU haikulibeba suala la rangi mbele za watu. Ilizungumzia mishahara, pensheni na mkataba. Ikashinda, lakini mazungumzo magumu na wanachama wake wenyewe ikayaacha bila kufanyika. Walioshindwa kura walibaki na kinyongo, na TWU ilikuwa bado kwenye majadiliano ya mkataba wake wa kwanza wakati mgomo ulipozuka.

Kulikuwa pia na kanuni za vita. Baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor na Marekani kuingia vitani, Desemba 1941, mashirikisho makubwa ya vyama vya wafanyakazi Marekani yaliahidi kutogoma hadi vita viishe. Ahadi haikuzuia kila mgomo. Wachimbaji wa makaa ya mawe walitoka mara kadhaa mwaka 1943, na Bunge likajibu kwa Sheria ya Smith-Connally ya Juni 1943, iliyopitishwa licha ya kura ya turufu ya Rais. Sheria hiyo iliipa serikali uwezo wa kukamata kiwanda au shirika muhimu kwa vita, na ikafanya kuwa jinai kuchochea mgomo mahali ambapo serikali imeshapakamata.

Mwanzoni mwa Julai 1944, Tume ya Nguvukazi ya Vita ilibana mlango wa mwisho: wanaume wote wangeajiriwa kupitia ofisi ya serikali bila kujali rangi. Kampuni ikasalimu amri. Watu weusi 8 wakachaguliwa kuanza mafunzo ya udereva wa tramu. Mazoezi ya barabarani yalipangwa kuanza Jumanne tarehe 1 Agosti.

Yaliyotokea, siku kwa siku

Ili kuelewa jinsi mgomo ulivyoweza kusimamisha jiji kwa saa chache, ni lazima ujue banda la tramu lilivyo. Magari hulala ndani kwa safu, kila safu kwenye reli yake, lakini reli zote hukutana kwenye maungio machache karibu na lango. Gari moja likisimama juu ya maungio hayo, yaliyo nyuma yote yamefungiwa. Basi linaweza kuzunguka, tramu haiwezi. Kwa hiyo huhitaji kuwashawishi madereva wote. Unahitaji wachache watakaofika kabla ya zamu ya kwanza, na wengine wengi wasiotaka shari.

*Jumanne, 1 Agosti.* Saa kumi alfajiri, zamu ya kwanza inapotoka, madereva kwenye mabanda kadhaa walisema wanaumwa. Maneno yalichaguliwa kwa makini: hawakusema "tumegoma", walisema "tunaumwa", wakitumaini kuikwepa ahadi ya kutogoma na sheria. Waandalizi walikwenda banda hadi banda. Kabla ya mchana tramu, mabasi na treni za jijini zilikuwa zimesimama. Dai lilikuwa moja tu, mafunzo ya wale 8 yafutwe. Hakukuwa na dai la mshahara, la saa za kazi, wala la usalama.

Viongozi wa TWU waliutangaza mgomo kuwa si wao, wakawaomba watu warudi kazini, na kwenye mikutano ya mabanda walizomewa. Kampuni haikufanya juhudi ya maana kutoa magari. Badala yake ilipendekeza tangazo la mafunzo lisitishwe ili watu warudi. Serikali ilikataa. Usiku wa kwanza kulitokea vurugu hapa na pale, madirisha yakavunjwa, watu wakakamatwa. Uuzaji wa pombe ulisimamishwa. NAACP, shirika la kutetea haki za watu weusi, na mashirika mengine ya aina hiyo yalisambaza vipeperushi mitaani kuwasihi watu wasijibu uchokozi. Jiji lilikuwa bado likikumbuka ghasia za rangi zilizoua watu Detroit Juni 1943, na utulivu huo haukujileta wenyewe.

*Alhamisi, 3 Agosti.* Kwa amri ya Rais, jeshi lilichukua usimamizi wa kampuni jioni, chini ya Meja Jenerali Philip Hayes. Kuanzia saa hiyo kuuchochea mgomo kulikuwa jinai chini ya Smith-Connally. Hayes alianza kwa upole: bendera, matangazo, wito wa kurudi.

*Ijumaa, 4 Agosti.* Baadhi ya magari yalitoka. Wagomaji wakadai kwanza uhakika wa maandishi kwamba mafunzo hayataendelea. Hawakuupata. Magari yakarudi mabandani.

*Jumamosi, 5 Agosti.* Askari 5,000 waliletwa jijini. Hayes alitoa tangazo lenye saa: atakayekuwa hajarudi kazini ifikapo saa sita na dakika moja usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 7 atafukuzwa. Mwenye umri wa miaka 18 hadi 37 atapoteza ahirisho lake la kuitwa jeshini. Aliyezidi umri huo hatapewa kibali cha kufanya kazi nyingine hadi vita viishe. Viongozi wakuu wa mgomo walikamatwa.

*Jumatatu, 7 Agosti.* Magari yalitoka, yakiwa na askari wenye silaha ndani yake. Mafunzo ya wale 8 yaliendelea. Jeshi lilikabidhi kampuni tarehe 17 Agosti.

Maamuzi yaliyofanywa, na sababu zake

Waandalizi wa mgomo waliamua kujificha nyuma ya ugonjwa. Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Ya pili ina uzito zaidi: mtu anayesita kusema "nagomea weusi" ataona rahisi kusema "tumbo linaniuma". Walimpa kila mwenye woga, na kila mwenye aibu, mlango wa kutokea bila kutamka lolote. Pia walieneza hofu ya ukongwe kazini, kwamba weusi wenye miaka mingi ya kutengeneza reli wangewaruka madereva wazungu kwenye foleni ya kuchagua njia na zamu. Kwa dereva hofu hiyo si ndogo. Ukongwe ndio unaoamua nani anaendesha mchana na nani anaamka saa nane usiku, nani ana Jumapili na nani hana.

Uamuzi wa kampuni, kupendekeza tangazo lisitishwe, tunauona kuwa mbaya kuliko yote. Unampa aliyefunga lango kile alichokifungia, na unamfundisha kila mtu kwamba lango likifungwa saa chache tu, haki inaahirishwa. Serikali ilifanya vema kukataa pale pale, kabla pendekezo halijawa mazungumzo.

TWU iliamua kusimama na msimamo wake hadharani ingawa ilikuwa na miezi michache tu tangu ishinde kura na ingeweza kupoteza wanachama. Tunaiheshimu kwa hilo. Lakini wito wake ulitoka juu kwenda chini, kupitia redio, magazeti na viongozi waliofika mabandani baada ya lango kufungwa. Pale langoni, alfajiri, sauti iliyosikika ilikuwa ya upande wa pili.

Sasa mwangalie dereva wa kawaida. Hebu tumfikirie mzungu wa miaka 30, mwanachama wa TWU, mwenye ahirisho la jeshi kwa sababu kazi yake ni muhimu kwa vita. Amefika bandani. Chama chake kinasema fanya kazi. Watu aliofanya nao kazi miaka 6 wamesimama karibu na maungio ya reli na wanamtazama. Ndani ya kichwa chake kuna kanuni aliyofundishwa, kwamba hupiti. Akipita, kesho nani atampisha kwenye foleni ya zamu? Nani atamsaidia gari likikwama? Asipopita, amevunja agizo la chama chake, amewaacha mafundi wa risasi barabarani, na amekubali kwa kimya kwamba mtu mwingine asipande kwa sababu ya ngozi. Wengi walirudi nyumbani. Kwa maoni yetu wengi wa hao hawakuwa na chuki ya kutosha kugoma; walikosa mtu wa kupita naye.

Matokeo

Kwa kipimo cha dai lake, mgomo ulishindwa kabisa. Weusi waliendesha tramu za Philadelphia, na baada ya wiki chache za kwanza abiria walizoea. TWU ilibaki, ikapata mkataba wake, na ikajenga nguvu zaidi kuliko kabla. Viongozi wa mgomo walifikishwa mahakamani na wengi wakaishia kutozwa faini.

Gharama ililipwa na wengine. Kwa karibu wiki nzima wafanyakazi wa viwanda vya vita walitembea kwa miguu, walipanda malori, au walikosa kazi. Na weusi wa jiji waliishi siku hizo wakijua kwamba cheche moja ingeweza kuligeuza jambo hili kuwa Detroit ya pili.

Uchambuzi: lango lenyewe

Kosa ambalo wachambuzi wengi hufanya ni kusema kupita kulikuwa sahihi kwa sababu kulikuwa na vita. Hoja hiyo inaonekana imara, lakini ikipimwa kwenye kisa kingine inaporomoka.

Januari 1942, wachimbaji wa mgodi wa makaa wa Betteshanger, Kent, nchini Uingereza, waligoma. Nao walikuwa vitani, tena kwa hali ngumu kuliko Wamarekani. Amri ya serikali namba 1305 ya mwaka 1940 ilikataza migomo. Ugomvi wao ulikuwa wa malipo ya kufanya kazi kwenye mwamba mgumu ambako tani zilizotarajiwa hazikuwa zinapatikana. Wachimbaji zaidi ya 1,000 walishtakiwa, wengi wakapigwa faini ya pauni 1, na viongozi 3 wa tawi wakafungwa. Mgomo haukuvunjika. Ilibidi waziri wa migodi aende kujadiliana na viongozi hao wakiwa gerezani, na makubaliano yakasainiwa humohumo. Viongozi waliachiwa baada ya siku 11, na kati ya wale waliotozwa faini, 9 tu ndio waliolipa. Kwa hesabu ya "vita kwanza", kila mchimbaji wa Betteshanger alipaswa kuwapita wenzake na kushuka mgodini. Hatuamini hivyo. Walikuwa na dai la haki dhidi ya mwajiri, lililotoka kwenye tawi lao wenyewe, na watu walioathirika nalo ndio hao waliolibeba.

Vita hubadilisha mambo matatu. Hubadilisha anayeumia mgomo ukifanyika, kwa kuwa hasara haimfikii mwajiri peke yake. Hubadilisha sheria, na hivyo adhabu inayomsubiri mgomaji. Na humpa mwajiri kisingizio kizuri, kwani mshahara wowote mbovu unaweza kuvikwa bendera. Lakini vita haviligeuzi dai la haki kuwa baya, wala dai baya kuwa la haki. Anayelitumia neno "vita" kumalizia mjadala huwa ameuruka mjadala wenyewe.

Maswali yanayofaa kuulizwa langoni ni mengine. La kwanza, nani ameamua mgomo huu? Kule Betteshanger ni tawi. Kule Philadelphia ni watu walioshindwa kura miezi minne tu kabla, wakijaribu kuipindua kura kwa kufunga reli. Mgomo usioidhinishwa na chama si lazima uwe mbaya, kwa sababu vyama navyo huwasaliti watu. Lakini usipotoka chamani, uzito wa kuthibitisha haki yake unawaangukia walioufanya.

La pili, dai linamwelekea nani? Hili ndilo linalotenga kisa chetu. Mgomo wa Philadelphia haukumwomba mwajiri chochote kutoka mfukoni mwake. Ulimtaka awazuie wafanyakazi 8 wa kampuni hiyohiyo. Lango lililofungwa ili mfanyakazi mwingine abaki chini haliwezi kudai mshikamano wa wafanyakazi, kwa sababu limeshauvunja. Wale weusi zaidi ya 500 waliokuwa wakitengeneza reli walikuwa wafanyakazi wenzao. Ukiheshimu lango hilo, umewapita wao.

La tatu, nani hayupo kwenye meza lakini atalipa? Abiria, mgonjwa, askari aliye mbele. Swali hili halitoshi peke yake kufuta mgomo, ila linaamuru mipango: mgomo wa haki huacha huduma ya uhai ikiendelea. Wachimbaji wanaojua kazi yao huacha watu wa pampu washuke, kwa sababu maji yakijaa mgodini hakuna kazi ya kurudia. Mtu wa pampu anayepita langoni kwa makubaliano si msaliti. Philadelphia hakukuwa na mpango wowote wa namna hiyo.

Kilichofaulu na kilichoshindikana

Kilichofaulu zaidi ni tangazo lenye saa na matokeo yanayojulikana. Kuanzia Alhamisi hadi Ijumaa, serikali iliomba, na kuomba kukawafanya wagomaji waamini kuna nafasi ya kupatana. Jumamosi tangazo lilipotaja dakika, umri na adhabu ya kila kundi, hesabu ilibadilika kwa siku moja. Jambo la pili ambalo watu hulisahau ni kwamba tangazo lile lilimpa yule dereva mwoga sababu ya kurudi bila aibu. Aliweza kuwaambia wenzake, "Sina jinsi, nitapelekwa jeshini." Alhamisi hakuwa na la kusema. Mtu anayetaka kupita huhitaji neno la kujitetea mbele ya wenzake, na aliyeongoza vizuri humwandalia.

Askari ndani ya magari walifaulu, lakini tunakiweka kifaa hiki kwenye mizani kwa wasiwasi mkubwa. Sheria iliyotumika Philadelphia ilitungwa kwa ajili ya kuwabana wachimbaji wa makaa ambao dai lao lilikuwa la mshahara. Kilichomlinda mfanyakazi mweusi Agosti 1944 kingeweza kumpiga mfanyakazi mwingine mwenye haki Septemba. Chama kisifurahie bunduki langoni hata siku inapokuwa upande wake.

Nidhamu ya mashirika ya watu weusi ilifaulu, na haikupewa sifa inayostahili. Ghasia kubwa zingewapa wagomaji picha waliyoitaka.

Kilichoshindikana kilianza kabla ya Agosti. TWU ilishinda kura kwa kulikwepa suala la rangi, na kulikwepa huko kulikuwa deni. Lilipoiva, chama hakikuwa na wanachama waliojadili na kukubali bandani kwao, kilikuwa na tamko tu. Hofu ya ukongwe ilipaswa kujibiwa mwezi Julai kwa karatasi moja ya lugha rahisi kwenye kila ubao wa zamu, ikieleza ukongwe wa dereva unahesabiwaje, na kwa mfano wa jina la njia na saa. Hofu isiyojibiwa kwa maandishi hujibiwa na uvumi.

La mwisho, hakukuwa na mpango wa saa kumi alfajiri. Tarehe ya mazoezi ya kwanza ilijulikana. Manung'uniko yalisikika. Na bado aliyefika wa kwanza kwenye maungio ya reli alikuwa mpinzani.

Kwa mjumbe wa tawi anayekabiliwa na lango la namna hii

Kabla ya yote, hakikisha hukosei kisa. Yule anayepita mgomo halali wa wenzake kwa kujifariji kwamba "huu nao ni wa chuki" amejidanganya. Soma dai lenyewe kwa maandishi. Likitaja mshahara, usalama, saa, au kiongozi aliyefukuzwa, una mgomo wa kawaida mbele yako, hata kama wanaouongoza huwapendi. Likitaja watu wa kabila, rangi, dini au jinsia fulani kutokupata kazi, uko Philadelphia. Migomo mingine huchanganya yote mawili, dai la mshahara juu na la kubagua chini. Hapo omba madai yatenganishwe na yapigiwe kura moja moja. Wanaokataa kuyatenganisha wamekujibu.

Usimpeleke mtu langoni peke yake. Usiku uliotangulia, tafuta watu 10 au 15 wa kila zamu waliokubali kwa kinywa chao wenyewe, na wakutane mahali pengine, mtaa mmoja kutoka bandani, dakika 40 kabla ya zamu. Wanaingia pamoja, wakiongozwa na mjumbe anayeheshimika zaidi, si anayepiga kelele zaidi. Wa kwanza kufika waende penye sehemu nyembamba: maungio ya reli, geti la mabasi, chumba cha funguo. Mjumbe mmoja abaki nje kuwapokea wanaochelewa, kwa sababu anayefika peke yake dakika 10 baadaye ndiye atakayerudi nyumbani.

Msijibizane na waliosimama. Msiwaite wabaguzi usoni, hata kama ndivyo walivyo, kwani nusu yao watakuwa madereva wenzenu keshokutwa na baadhi yao wanatafuta njia ya kurudi. Anayesema anaumwa aandikiwe kuwa anaumwa na aelekezwe kwa daktari wa kampuni kwa utaratibu wa kila siku. Visingizio vingi hufa vikifuatwa kwa utaratibu.

Wale wanaolengwa na ubaguzi wasitumiwe kama watu wa mbele kuvunja lango. Hili hukosewa mara nyingi na watu wenye nia njema. Mzigo wa kupita ni wa wale ambao lango limefungwa kwa jina lao.

Msomaji wa Tanzania akumbuke pia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kusimama langoni kuunga mkono mgomo, na papo hapo inamkataza mwajiri kuleta watu wa kuziba nafasi za walio kwenye mgomo halali. Vyote viwili vinahusiana: lango limeondolewa, na sababu kubwa ya lango imeondolewa nalo. Lakini shinikizo la wenzako halihitaji geti. Sasa hivi linapita kwenye makundi ya simu, ambako mtu mmoja anaweza kuandika "kesho hakuna kutoka" saa tano usiku bila kura wala kikao, na asubuhi nusu ya madereva wakabaki kitandani. Kwa hiyo tawi liwe na kanuni iliyoandikwa na kubandikwa ikisema wito wa mgomo hutolewa na nani, unasainiwa na nani, na unathibitishwa kwa kupiga simu namba ipi. Jioni hiyohiyo ya tukio, mjumbe aandike daftarini saa, banda, idadi ya waliotoka, waliosema wanaumwa, na maneno ya dai kama yalivyotamkwa.